Charlotte Mason: Mwalimu aliyewafundisha watoto kutulia mbele ya picha

CHARLOTTE Mason hakuwa mchoraji, hakumiliki jumba la sanaa, wala hakuacha mchoro hata mmoja wa kukumbukwa. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo nchini Uingereza, kisha mkufunzi wa walimu, aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake akisumbuliwa na maradhi. Hata hivyo, alipofariki dunia Januari 1923 akiwa na umri wa miaka 81, maelfu ya watoto wa nchi hiyo, wakiwemo watoto wa wachimba makaa ya mawe, walikuwa wakizifahamu kazi za wachoraji wakubwa wa Ulaya kwa namna ambayo watu wazima wengi wenye elimu hawakuzifahamu.

Njia aliyoitumia haikuwa ngumu. Mtoto alipewa picha moja tu, akaachwa aitazame kimya kwa dakika kadhaa, kisha picha ikaondolewa naye akaeleza kwa maneno yake mwenyewe alichokiona. Mwalimu hakutangulia kusema kwamba picha ni nzuri, wala hakumweleza mtoto anachopaswa kukihisi. Kazi ya kwanza ya mwalimu ilikuwa kunyamaza.

Utaratibu huo unaonekana mwepesi, lakini nyuma yake yapo maisha ya mwanamke asiye na mali wala ndugu wa kumtegemea, aliyeikataa imani iliyoenea katika zama zake kwamba vitu vizuri vimeumbwa kwa ajili ya watoto wa matajiri, na kwamba mtoto wa maskini humtosha kujua kusoma, kuandika na kuhesabu.

Utoto uliofichwa

Charlotte Maria Shaw Mason alizaliwa Januari 1, 1842, karibu na mji wa Bangor, kaskazini mwa Wales. Alilelewa kama mtoto wa pekee, na sehemu kubwa ya elimu yake ya awali aliipata nyumbani kwa wazazi wake. Alipokuwa na umri wa kama miaka 16 mama yake alifariki dunia, na baba yake naye hakukaa muda mrefu kabla ya kumfuata. Msichana huyo akabaki yatima, bila urithi wa kumwezesha kuishi.

Katika maisha yake yote hakupenda kuzungumzia asili yake. Wanafunzi walioishi naye nyumba moja kwa miaka hawakujua mengi juu ya wazazi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ukoo wa baba yake ulikuwa na uhusiano na madhehebu ya Quaker nchini Ireland, na kwamba yapo mambo kadhaa ya familia ambayo Mason mwenyewe aliyafunika kwa makusudi. Katika Uingereza ya wakati huo, ambapo jina la ukoo lilifungua au kufunga milango, haishangazi kwamba mwanamke aliyetaka kuaminiwa na wazazi wa tabaka la juu aliona ni heri kunyamaza.

Kwa msichana wa hali yake, njia za kujipatia riziki kwa heshima zilikuwa chache mno. Ualimu ulikuwa mojawapo. Mwaka 1860 aliingia katika chuo cha ualimu cha Home and Colonial Society, jijini London. Chuo hicho kilifuata mafundisho ya Johann Heinrich Pestalozzi, mwelimishaji wa Uswisi aliyefariki mwaka 1827, ambaye aliamini kwamba elimu ya mtoto inapaswa kuanza kwa kukitazama kitu chenyewe kabla ya kujifunza maneno yanayokihusu.

Afya haikumruhusu kumaliza muda wake wote chuoni. Mwaka uliofuata alikwenda Worthing, mji ulioko pwani ya kusini mwa Uingereza, akaanza kufundisha katika shule ya watoto ya Davison, huku akiendelea na masomo hadi akapata cheti chake. Alikaa Worthing kwa zaidi ya miaka kumi. Hapo ndipo alipojifunza mambo ambayo chuo hakikumfundisha, hasa jinsi watoto wanavyochoka haraka mwalimu anapozungumza mno, na jinsi wanavyochangamka wanapopewa kitu cha kukichunguza wenyewe.

Mwaka 1874 alihamia Chichester, katika chuo cha Bishop Otter, kuwafundisha wanawake waliotaka kuwa walimu. Mwaka 1878 maradhi yalimlazimisha kuiacha kazi hiyo. Akiwa na umri wa miaka 36, hakuwa na ajira, nyumba wala mume, na mwili wake haukuweza tena kustahimili saa nyingi za darasani.

Bradford: mwanzo wa jina lake

Rafiki yake wa siku za chuo, ambaye alikuwa akiendesha shule mjini Bradford, kaskazini mwa Uingereza, alimkaribisha akae naye. Mason alitumia muda huo kuandika vitabu vya jiografia kwa ajili ya shule, na vitabu hivyo vikampatia kipato kidogo. Bradford ulikuwa mji wa viwanda vya sufu, wenye matajiri wapya na umati wa wafanyakazi.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1885 hadi 1886 alitoa mfululizo wa mihadhara kwa akina mama wa mji huo kuhusu malezi ya watoto wa chini ya umri wa miaka tisa. Shabaha ilikuwa kuchangia fedha za jengo la parokia. Mihadhara hiyo ilichapishwa mwaka 1886 kwa jina la Home Education, na ndicho kitabu kilichomfanya ajulikane. Wazo lake kuu lilikuwa kwamba mtoto huzaliwa akiwa mtu kamili, mwenye akili inayotaka chakula chake, na si chombo kitupu kinachosubiri kujazwa na wakubwa.

Mwaka 1887 yeye na wenzake, akiwemo Emeline Petrie Steinthal, mwanamke wa Bradford aliyependa mno sanaa, walianzisha chama cha wazazi kilichokuja kujulikana kwa kifupi kama PNEU. Mwaka 1890 likafuata jarida la chama, Parents' Review, ambalo Mason alilihariri mpaka kifo chake.

Shule za wakati ule

Ili kuelewa uzito wa hatua aliyoichukua kuhusu picha, ni vema kukumbuka hali ya shule za Uingereza za siku hizo. Tangu mwaka 1862, ruzuku ya serikali kwa shule za watoto wa maskini ilitegemea matokeo. Mkaguzi alifika, akawapima watoto katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwa kiasi kikubwa fedha zilitolewa kulingana na idadi ya waliofaulu. Mfumo huo ulilegezwa kidogo kidogo na kufutwa katika muongo wa mwisho wa karne ya 19, lakini kwa zaidi ya miaka 30 ulikuwa umewazoesha walimu kukimbizana na mtihani. Somo ambalo mkaguzi hakulipima halikupata muda.

Uchoraji ulikuwapo katika shule nyingi, lakini kwa sura nyingine kabisa. Watoto walinakili mistari iliyonyooka, pembe, duara na maumbo ya mchemraba, kwa lengo la kuandaa mikono ambayo baadaye ingefaa katika viwanda vya vitambaa na vyombo. Kazi za wachoraji wakubwa zilitundikwa London, katika majumba ya sanaa ambayo mtoto wa Yorkshire hakutarajia kuyaona.

Jambo moja lilikuwa limeanza kubadilika. Maendeleo ya upigaji picha na uchapaji yaliwezesha michoro maarufu kutolewa nakala kwa bei nafuu. Nakala za mwanzo zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe. Baadaye, hasa baada ya kampuni ya Medici Society kuanzishwa London mwaka 1908, nakala nzuri za rangi zikapatikana. Mason alikuwa miongoni mwa waelimishaji waliotambua mapema kwamba karatasi hizo zingeweza kumfikishia mtoto wa kijijini mchoro uliotundikwa Florence au Amsterdam.

Ambleside na kivuli cha Ruskin

Mwaka 1891 Mason alihamia Ambleside, mji mdogo katika eneo la maziwa na milima kaskazini magharibi mwa Uingereza. Mwaka huohuo alianzisha shule kwa njia ya posta, iliyozitumia familia ratiba, orodha ya vitabu na mitihani kila muhula. Januari 1892 alifungua chuo chake, House of Education, kikiwa na wanafunzi wanne tu. Kiliwaandaa wanawake kuwa walimu wa watoto majumbani na mashuleni. Muda mfupi baadaye chuo kilihamia katika jumba la Scale How, lililoko kwenye mteremko juu ya mji.

Si mbali na hapo, kando ya ziwa Coniston, aliishi mzee John Ruskin, mwandishi aliyeheshimika kuliko wengi katika masuala ya sanaa nchini Uingereza, ambaye alifariki mwaka 1900. Ruskin alikuwa amewafundisha uchoraji vibarua na mafundi wa London tangu mwaka 1854. Kitabu chake cha mwaka 1857 kuhusu misingi ya uchoraji kilijengwa juu ya hoja kwamba faida kubwa ya kuchora ni kuzoeza macho kuona, na kwamba ustadi wa mkono hufuata baadaye. Mason alikuwa msomaji wake wa dhati. Kwa kuongozwa na maandishi ya Ruskin kuhusu mji wa Florence, aliuzingatia sana mchoro mkubwa wa ukutani ulioko katika kanisa la Santa Maria Novella, unaoonyesha elimu za aina zote zikiwa chini ya uongozi wa Roho wa Mungu. Kutokana na mchoro huo alijenga hoja kwamba hakuna mpaka kati ya elimu ya dini na elimu ya dunia.

Hata hivyo, alitofautiana na Ruskin kwa jambo moja la msingi. Ruskin alikuwa mzungumzaji mkubwa, aliyeweza kuandika kurasa nyingi kuhusu wingu moja katika mchoro wa Turner. Mason aliona kwamba ufasaha wa namna hiyo, ukiingizwa darasani, humnyima mtoto nafasi yake. Mtoto husikia mawazo ya mwalimu kuhusu picha, kisha akajiona ameiona picha.

Namna somo lilivyoendeshwa

Katika mpango wake, kila muhula ulikuwa na mchoraji mmoja. Watoto walipata nakala za michoro yake ipatayo sita, nao wakaichukua mmoja baada ya mwingine kwa wiki zote za muhula. Hivyo kwa mwaka wenye mihula mitatu mtoto alikutana na wachoraji watatu na picha kama 18. Idadi hiyo ni ndogo kuliko picha ambazo mgeni wa makumbusho huzipita kwa nusu saa. Mason aliamini kwamba mtoto anayezijua vizuri picha sita za mtu mmoja huanza kuitambua kazi ya mtu huyo popote atakapoikuta, kama anavyoitambua sauti ya jirani kabla ya kumwona.

Miongoni mwa maandishi yake umo mfano wa somo la dakika 20 kwa watoto wa umri wa kama miaka minane na nusu. Mchoraji ni Edwin Landseer, Mwingereza aliyefariki mwaka 1873, anayefahamika pia kwa sanamu za simba wa shaba zilizoko Trafalgar Square jijini London. Mchoro wenyewe ni wa mwaka 1848 na unaitwa Alexander and Diogenes, lakini ndani yake hakuna mtu. Wamo mbwa tu. Mmoja mkubwa mwenye nguvu amesimama kwa majivuno, na nyuma yake wako wengine kama watumishi wa mfalme. Mbele yake, ndani ya pipa lililolazwa, amekaa mbwa mdogo mwenye manyoya machafuko, akimtazama mkubwa yule bila kumjali.

Mwalimu huanza kwa maneno machache kuhusu Landseer na jinsi alivyowapenda na kuwafahamu wanyama tangu utotoni. Kisha huwapa watoto picha na kuwaomba waichunguze wenyewe, wakifikiri mchoraji alikusudia kusema nini. Baada ya dakika tatu au nne picha huondolewa. Hapo ndipo watoto husema walichokiona: sura ya kila mbwa, msimamo wake, na tabia inayoonekana usoni mwake.

Halafu mwalimu huwauliza kama wameona chochote kinachoonyesha ilikuwa saa ngapi. Wale waliotazama kwa makini hukumbuka zana za fundi zilizoachwa kando ya kikapu, dalili kwamba mwenyewe amekwenda kula chakula cha mchana. Hukumbuka pia mwanga mkali wa jua, na kivuli cha mbwa kilichoangukia pipa. Mwishoni kabisa ndipo jina la picha husomwa, na kisa cha kale cha Wagiriki kikasimuliwa: jinsi Alexander, mshindi wa mataifa, alivyomwendea mwanafalsafa Diogenes aliyeishi ndani ya pipa, akamuuliza anataka apewe nini, naye akamwomba tu aondoke asimzuilie jua.

Mpangilio huo haukuwa wa bahati mbaya. Mtoto aliyekwisha kukiona kivuli juu ya pipa kwa macho yake mwenyewe, akisikia kisa hicho, hukielewa papo hapo, tena kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo. Kama kisa kingetangulia, mtoto angetafuta kwenye picha kile alichokwisha ambiwa, na mengine yote yangempita. Somo lilimalizika kwa watoto kuchora kwa penseli mistari mikuu ya picha kwa dakika tano, ili kupima kilichobaki kichwani. Hapakuwa na shabaha ya kuwafanya wachoraji.

Kwa nini picha iliondolewa

Hatua ya kuiondoa picha ndiyo iliyobeba uzito wa mbinu yote. Mason alikuwa ameitumia njia hiyohiyo katika masomo mengine. Mtoto alisomewa sura ya kitabu mara moja tu, kisha akaisimulia. Akijua kwamba hatarudiwa, husikiliza kwa akili yake yote. Vivyo hivyo kwa picha. Mtoto anayejua kwamba baada ya muda mfupi itaondolewa, naye atatakiwa kueleza kilichomo, hutazama kwa namna tofauti na yule anayejua kwamba picha itakuwapo siku nzima.

Ndiyo maana masomo yake yalikuwa mafupi. Hakuamini katika kumlazimisha mtoto akae mbele ya picha mpaka achoke. Utulivu aliousaka haukupimwa kwa urefu wa saa. Ulikuwa utulivu wa dakika chache ambazo ndani yake akili haikutangatanga. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini Mason aliongeza kwamba hata kukawia hakuna faida iwapo aliyekawia hakuwa akitazama.

Aliwakataza walimu mambo kadhaa. Hawakutakiwa kuwafundisha watoto wadogo habari za mikondo ya sanaa na mitindo yake, kwani hayo yangefaa baadaye, mtoto akishazijua picha zenyewe. Hawakutakiwa kuwauliza maswali mengi ya kuwatega. Aidha, hawakutakiwa kuonyesha mshangao wa kujifanya ili watoto nao washangae. Kwa maoni yake, mtoto huufahamu unafiki wa namna hiyo upesi, na huanza kuamini kwamba sanaa ni jambo ambalo watu hujifanya kulipenda.

Jaribio la Drighlington

Kwa zaidi ya miaka 20 mbinu hizo zilibaki mikononi mwa familia zenye uwezo, zilizomudu kuajiri mwalimu wa nyumbani. Wapinzani walikuwa na hoja nyepesi: ni rahisi kumfundisha kutazama picha mtoto aliyekulia katika nyumba yenye picha ukutani na vitabu rafuni. Swali la haki lilikuwa hilo. Kama njia ya Mason ilifaa kwa watoto wa matajiri peke yao, basi madai yake kwamba kila mtoto huzaliwa mtu kamili yalikuwa maneno matupu.

Jibu lilitafutwa mwaka 1914 katika kijiji cha Drighlington, kilichoko kati ya Bradford na Leeds. Kwa juhudi za Bi Steinthal, shule ya watoto wa wachimba makaa ya mawe wa kijiji hicho ilikubali kuufuata mpango wa Ambleside kama ulivyo, ukiwa na vitabu vilevile, usimulizi uleule na picha zilezile. Ulikuwa mwaka wa kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakati ambao watu wengi wangeona kwamba picha za Wataliano wa kale ni jambo la mwisho la kumhangaisha mtoto wa mchimba makaa.

Matokeo yaliwashangaza hata waliokuwa na imani na mpango huo. Watoto waliotoka katika nyumba zisizo na kitabu walisimulia walichosomewa kwa ufasaha, na walieleza picha walizoonyeshwa kwa undani uleule wa watoto wa majumba makubwa. Kwa Mason, aliyekuwa amekwisha pita umri wa miaka 70, habari hizo zilikuwa uthibitisho alioungojea maisha yake yote ya kazi. Katika miaka iliyofuata shule nyingine za umma ziliiga mfano huo. Katika jimbo la Gloucestershire, mkurugenzi wa elimu H. W. Household aliueneza mpango huo katika shule nyingi za msingi zilizokuwa chini yake.

Upungufu wake

Mason hakukosa upungufu. Wachoraji aliowachagua walikuwa wa Ulaya, na kwa sehemu kubwa wa karne zilizopita. Sanaa ya Afrika, Asia au Amerika haikuwamo katika orodha zake, ingawa katika miaka yake ya mwisho wasanii vijana wa Paris walikuwa tayari wakishangazwa na vinyago vya Kiafrika. Pia alikuwa na wasiwasi na michoro mipya ya wakati wake.

Wapo pia waliodai kwamba kumnyamazisha mwalimu ni hatari. Mtoto anaweza kuitazama picha kwa muda mrefu na bado asielewe jambo la msingi kwa kukosa maelezo ya historia au dini. Hoja hiyo ina nguvu, na somo la picha ya Landseer linaonyesha kwamba Mason mwenyewe aliitambua, kwani mwisho wa somo mwalimu alizungumza. Ubishi wake ulihusu mpangilio: macho ya mtoto yatangulie, maneno ya mkubwa yafuate.

Aidha, nakala ya karatasi si mchoro wenyewe. Rangi hubadilika, ukubwa hupotea, na alama za brashi hazionekani. Mason alijua hilo. Alilinganisha hasara hiyo na hasara kubwa zaidi ya mtoto kukua bila kuona chochote, akachagua nakala.

Mwisho wa safari na alichokiacha

Katika miaka yake ya mwisho Mason aliishi maisha ya utaratibu mkali kwa sababu ya udhaifu wa moyo. Aliandika na kujibu barua asubuhi, akapumzika, kisha akatembezwa kwa gari la farasi kando ya maziwa, akiangalia ndege na maua. Alifariki Januari 16, 1923, huko Ambleside, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria mjini hapo. Kitabu chake cha mwisho, kilichoeleza falsafa yake ya elimu pamoja na mafunzo ya shule za umma, kilichapishwa baada ya kifo chake.

Chuo alichokianzisha kiliendelea, kikaitwa kwa jina lake, na hatimaye majengo yake yakawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Cumbria kilichoanzishwa mwaka 2007. Kumbukumbu za chama chake zimehifadhiwa katika makumbusho ya Armitt, mjini humohumo. Baada ya kufifia kwa miongo kadhaa, jina lake lilifufuka nchini Marekani kufuatia kitabu cha Susan Schaeffer Macaulay cha mwaka 1984, na tangu hapo maelfu ya familia zinazowasomesha watoto nyumbani zimerejea kwenye utaratibu wa mchoraji mmoja kwa muhula.

Wataalamu wa makumbusho nao wamefika karibu na alipofika Mason, ingawa kwa njia yao wenyewe. Mwaka 2001 watafiti wawili walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika makumbusho ya Metropolitan mjini New York. Waligundua kwamba mgeni alitumia wastani wa sekunde 27 mbele ya kazi bora ya sanaa, na nusu ya waliochunguzwa hawakuzidi sekunde 17. Tangu mwaka 2010 majumba ya sanaa katika nchi mbalimbali yamekuwa yakiadhimisha siku maalumu ambapo wageni huombwa kutazama kazi chache tu, kila moja kwa dakika kama kumi, kisha kuzungumza juu ya walichokiona.

Watoto wa Drighlington hawakuwa na jumba la sanaa wala makumbusho. Walikuwa na nakala sita za karatasi kwa muhula, mwalimu aliyejua kunyamaza, na dakika chache za utulivu katika kijiji cha makaa ya mawe. Kwa kipimo cha sekunde 17, kila mmoja wao aliitazama picha yake mara kumi zaidi ya mgeni wa kawaida wa New York.